Jalada Lisilo na Kosa

Mkuu wa shule, Mwalimu Bartholomayo, alilifungua lile jalada kwa mikono miwili, taratibu, kama padri anavyofungua misale. Akapindua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa kumi na tano akarudi wa kwanza na kuanza upya, na safari hii midomo yake ilikuwa imebana.

Mwalimu Ildefonsa aliketi mbele ya meza, mkoba wake magotini, akingoja sifa. Hakuwa mtu wa kujikweza, lakini miaka thelathini na miwili ya kushika chaki, kabla hajastaafu, ilikuwa imemfundisha kuitambua kazi nzuri hata ikiwa imetoka mikononi mwake mwenyewe. Jalada lilikuwa na kurasa tisini na sita, zimetobolewa kwa usawa na kufungwa kwa utepe wa kijani. Kila somo lilikuwa na orodha yake ya yaliyomo. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe juu kulia na namba chini katikati. Mwandiko wa mjukuu wake Kezia ulikwenda mstari kwa mstari, umesimama wima kama watoto wa gwaride.

"Mwalimu," alisema Bartholomayo hatimaye, "huyu mtoto alikosea lini?"

"Nani? Kezia?"

"Kezia."

"Hakukosea."

"Mwaka mzima?"

"Makosa yalikuwepo, bila shaka. Tuliyasahihisha, kisha akanakili kwa usafi. Wewe si ulifanya mazoezi ya kufundisha darasani kwangu? Utaratibu wangu unaujua."

"Naujua, Mwalimu. Naukumbuka hata usingizini." Alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa Februari, na kidole kingine kwenye ukurasa wa Oktoba. "Tazama hapa na hapa. Wino mmoja. Mwandiko mmoja. Mtoto wa Februari na mtoto wa Oktoba ni yule yule. Sasa mimi nitajuaje kwamba amesoma?"

Ildefonsa alitazama hapa, akatazama hapa. Aliona usafi, na zaidi ya usafi hakuona kitu.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Mwezi Januari Kezia alikuwa ameanguka kutoka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mfupa wa paja ukavunjika vibaya, na kutoka kwao Bukiriro hadi shuleni ni bonde la kushuka na kilima cha kupanda. Bartholomayo akakubali jina la mtoto libaki kwenye daftari la mahudhurio la Darasa la Tatu, bibi yake amfundishe nyumbani, na mwisho wa mwaka waje na jalada la kazi zake. Kwa jalada hilo ndipo ingeamuliwa kama Kezia ataingia Darasa la Nne au atarudia la Tatu.

"Nilikuomba kurasa sita au saba tu," alisema Bartholomayo. "Kazi ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho. Nilitaka zile zenyewe, Mwalimu. Zile chafu."

"Chafu?"

"Za rafu. Zenye kalamu yako nyekundu. Ijumaa nitakaa na Mwalimu Suzana wa taaluma, na yeye hakujui kama mimi ninavyokujua. Akiliona hili atasema umeliandika wewe."

"Mimi!"

"Mimi sisemi. Nasema atakachosema yeye." Akalifunga jalada na kulisogeza mbele kwa upole, kama mtu anayerudisha chakula kitamu akiwa ameshashiba. "Leo ni Jumanne. Niletee uchafu, Mwalimu."

Ildefonsa alishuka kilima akiwa hajui kama amesifiwa au ametukanwa. Mvua ya Novemba ilikuwa imelainisha njia, na alikanyaga kwa uangalifu, akilikumbatia jalada kifuani. Alipokuwa chuoni, mkaguzi mmoja alilichana daftari la mwanachuo mwenzake mbele ya darasa zima kwa sababu ya tone moja la wino. Tangu siku hiyo Ildefonsa hakuwahi kumpelekea mkubwa yeyote karatasi yenye doa. Sasa alijiona kama mtu aliyefua nguo, akaianika, akaipiga pasi, kisha akaulizwa matope ameyaweka wapi.

Nyumbani aliwakuta wajukuu wake wawili barazani wakipukuchua maharage. Mama yao alifanya kazi Biharamulo mjini na kuja mara moja kwa mwezi. Kezia, mwenye miaka tisa, alikuwa amenyoosha mguu wake uliopona juu ya kigoda. Fimbo yake imeegemea ukuta. Yuster, mdogo wake, alikuwa amemaliza Darasa la Pili wiki ile na alijua habari zote za dunia.

"Shikamoo, bibi. Wamekataa?" aliuliza Yuster.

"Marahaba. Hawajakataa. Wameahirisha."

"Wamekataa," Yuster alimwambia dada yake. "Usijali. Mwakani tutakaa dawati moja. Nitakuazima raba."

Kandambili ya Kezia ilipita karibu na sikio la Yuster na kutua kwenye maharage. Lakini Kezia hakucheka, na baada ya hapo alipukuchua ganda moja kwa muda mrefu mno.

"Bibi, mimi na Yuster darasa moja, siendi," alisema. "Bora nikae hapa hapa na mguu wangu."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilimtisha Ildefonsa zaidi. Aliwajua watoto waliosema hivyo kwa utulivu. Alikuwa amewahi kuwafuata majumbani mwao, na hawakurudi.

"Rafu zako ziko wapi?" aliuliza.

"Rafu zipi?"

"Zote. Za tangu Februari."

Kezia alimtazama bibi yake kana kwamba amesahau jina lake mwenyewe. "Bibi, si ulimpa mama Speciose? Kila mwezi unampa. Unasema karatasi iliyokwisha kazi haikai ndani ya nyumba."

Ni kweli alikuwa anasema hivyo. Kazi ilikwenda hivi: Kezia aliandika kwenye rafu, bibi akasahihisha kwa nyekundu, Jumamosi Kezia akanakili kwenye daftari safi, rafu zikachanwa, zikanyooshwa, zikafungwa kwa kamba, zikachukuliwa na jirani yao Speciose, aliyekuwa akiuza karanga Kabanga na kuhitaji karatasi za kufungia. Kisha mwezi Oktoba, Ildefonsa alipoona kwamba hata daftari safi lina masizi na tone la uji, alinunua karatasi mpya na kumwandikisha Kezia mwaka mzima upya, kwa wiki tatu, kwa kalamu za aina moja. Daftari safi nalo likaenda kwa Speciose.

Usiku haukuwa umeingia bado, na Ildefonsa, ambaye hakuwahi kughushi hata saini ya mahudhurio, alifanya jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Alimpa Kezia karatasi tupu.

"Andika kama ulivyokuwa ukiandika Februari."

"Nikosee wapi, bibi?"

"Popote ulipokuwa unakosea."

Kezia aliuma kalamu. Akaandika hesabu ya kujumlisha, akaweka jibu, akalikata, akaweka jingine. Akalitazama. "Hapana. Hili ni kosa la Yuster. Mimi sikuwa nakosea hivi."

"Ulikuwa unakosea vipi?"

"Sijui. Nikikumbuka nilivyokosea, naona jibu lake. Siwezi tena kukosea vile."

Ildefonsa aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaisukuma jikoni chini ya chungu. Mtoto aliyesoma kweli alikuwa mbele yake, akimwonesha kwa maneno hayo hayo kwamba amesoma, na bado hakuwa na kitu cha kuweka kwenye meza ya Bartholomayo.

Alhamisi asubuhi bibi na mjukuu walipanda pikipiki moja kwenda Kabanga, Kezia katikati, fimbo imefungwa ubavuni kama mkuki. Mabasi yalikuwa yamepanga mstari kuelekea mpakani; wabadilisha fedha walikaa kwenye viti vya plastiki wakipepea noti za Burundi. Speciose alikuwa mahali pake, chini ya mwavuli uliochanika, sinia la karanga mapajani.

"Mwarimu! Karibu! Na mgonjwa wetu amesimama! Chukua karanga, mwanangu, chukua, mguu unataka mafuta."

"Speciose, zile karatasi nilizokuwa nakupa," alisema Ildefonsa bila kukaa. "Zimebaki?"

"Zimebaki? Karatasi yako ndiyo inauza karanga zangu, Mwarimu. Nzito, safi, haichaniki. Ya watu wengine inalowa."

"Nazihitaji."

"Zote?"

"Zote."

"Mbona nyingine zimeshavuka mpaka!" Speciose aligeuka kwa jirani yake, mbadilisha fedha mnene aliyekuwa akitafuna. "Ndikuriyo, umesikia? Mwarimu anataka karatasi zake. Rudisha hiyo."

Ndikuriyo alikishika kikaratasi chake cha karanga kwa mikono miwili. "Nikimaliza."

"Mimina mkononi, ule."

"Mkono una kazi." Hata hivyo alikigeuza kikaratasi na kukisoma, huku akitafuna. "'Mama ana ng'ombe kumi na mmoja, ameuza wanne, amebakiwa na ng'ombe kumi na watano.' Eh! Huyu mtoto ameuza ng'ombe wakaongezeka. Mtafutieni kiti hapa kwetu."

Watu walicheka. Ildefonsa alitaka kunyoosha mkono amnyang'anye. Lakini Kezia alikuwa anacheka kuliko wote.

"Nilijumlisha!" alisema. "Bibi, hiyo ni yangu! Ni ile nilijumlisha!"

Ndikuriyo alimimina karanga mfukoni mwa koti na kuitoa karatasi. Ilikuwa imejaa mafuta kiasi cha kuonesha vidole upande wa pili, lakini tarehe ilisomeka: tarehe tano Februari. Speciose naye akavuta kutoka chini ya kikapu rundo lililotungwa kwenye waya. Karatasi zilikuwa zimechanganyika na za watoto wengine, za shule nyingine, za risiti na za kalenda. Ildefonsa alizipitia moja moja. Hakuutambua hata mwandiko mmoja.

"Hii si yako," alisema, akiweka kando karatasi ambayo herufi zake zilipanda kuelekea juu, kubwa kulia, ndogo kushoto, kana kwamba zimeandikwa na mtu anayeteleza.

"Ni yangu."

"Kezia, nimekufundisha mwandiko. Huu si wako."

"Ni wangu, bibi. Nilikuwa nimelala chali. Ulinishikia ubao juu ya uso, na wino ulikuwa haushuki, nikawa naitikisa kalamu. Umesahau?"

Ildefonsa alisimama na ile karatasi. Alikuwa amesahau. Mtoto alikuwa amelala miezi mitatu na plasta ngumu kutoka nyonga hadi kifundo. Naye alikuwa ameshika ule ubao hadi mikono ikatetemeka. Na katika kurasa tisini na sita zilizofungwa kwa utepe wa kijani hapakuwa na hata mstari mmoja uliosema mtu alikuwa amelala.

Walipata kurasa tisa. Speciose aliwafungia kwenye gazeti na hakukubali kusikia neno la malipo.

Ya tisa kuifungua ndiyo iliyomnyima Ildefonsa amani. Aliigundua nyumbani alipokuwa akizipanga kwa tarehe. Kumi na nne Machi, Hisabati, kutoa kwa kukopa. Swali la tatu: mia sita na nne, toa mia mbili sabini na nane. Kezia alikuwa ameandika 326. Juu ya jibu hilo palikuwa na alama nyekundu ya kukosa, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa chuo cha ualimu: 336.

Ildefonsa alikopa, akatoa. Akatoa tena. Akachukua jalada kubwa, akafungua Machi. Pale, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko uliosimama wima, palikuwa na 336, na alama ya vema.

"Kezia!"

Mtoto alikuja akichechemea, akatazama pale kidole cha bibi kilipokuwa. Hakuonesha kushangaa.

"Ulijua?"

"Nilihesabu kwa maharage, kitandani. Ilikuja ishirini na sita kila mara."

"Kwa nini hukusema?"

Kezia alichezea ncha ya fimbo yake. "Siku ile ulikuwa umetoka kuongea na daktari. Aliposema mguu utavunjwa tena uungwe upya. Ulisahihisha daftari zima bila kukaa chini. Nikaona, basi, iwe thelathini na sita."

Ildefonsa alikaa. Akili yake, iliyozoea kuweka kila kitu kwenye kabati lake, haikujua iliweke wapi hili. Ukurasa ule ungeonesha kwamba mtoto anajua kukopa kwa usahihi kuliko ukurasa mwingine wowote; hapohapo ungeonesha kwamba kalamu nyekundu haiaminiki, na kama kalamu haiaminiki, alama zote za vema katika kurasa nyingine zina thamani gani? Mwalimu Suzana angeweza kuuliza hivyo, na angekuwa na haki. Akiuacha, zitabaki nane, ambazo labda zinatosha, labda hazitoshi. Aliutoa kwenye rundo. Akaurudisha. Akautoa. Hatimaye alizifunga zote tisa ndani ya gazeti lile lile la Speciose, haraka, kabla mkono haujabadili mawazo.

Ijumaa, ofisini kwa mkuu wa shule, bibi na mjukuu walimkuta Mwalimu Suzana, mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Alizitandaza kurasa mezani bila kujali mafuta. Alicheka kidogo kwenye ng'ombe. Kwenye karatasi ya kulala chali aliinamisha kichwa, kisha akaigeuza karatasi yenyewe. Ya tisa akaishika kwa muda mrefu.

"Nani alisahihisha hapa?"

"Mimi," alisema Ildefonsa.

"Jibu la mtoto ni sahihi."

"Ndiyo. Langu ndilo kosa. Na lipo hata kwenye lile jalada kubwa, ukurasa wa thelathini na moja." Alisikia sauti yake ikitoa taarifa kama mwanafunzi aliyesimamishwa. "Sikutaka mlipate bila mimi kulisema."

Bartholomayo alitazama dirishani. Suzana alimgeukia Kezia. "Kwa nini jibu ni hili, si lile?"

Kezia aliegemea fimbo. "Kwa sababu sifuri haina cha kukukopesha. Inabidi nayo ikakope kwa sita kwanza, iwe kumi. Ikishakukopesha wewe moja inabaki tisa. Bibi aliiacha na kumi yake."

"Nendeni nje kidogo," alisema Suzana.

Walikaa kwenye ngazi ya ofisi. Kezia alihesabu madirisha ya Darasa la Nne kwa sauti, kisha akayahesabu tena kimoyomoyo. Ildefonsa hakuhesabu kitu. Alikuwa ameketi mara nyingi ndani ya ofisi kama ile akiamua mambo ya watoto wa watu, na hakuwahi kujiuliza ngazi ya nje ni baridi kiasi gani.

Walipoitwa, jina lilikuwa tayari limeandikwa. Bartholomayo aliligeuza daftari ili walione: Darasa la Nne, namba arobaini na tatu, na wino wake ulikuwa bado haujakauka. Kezia alilisoma jina lake mara mbili, akaangalia mlangoni, akatoka kwa fimbo yake kwenda kulitazama darasa lenyewe.

"Ni ukurasa upi?" aliuliza Ildefonsa. "Uliowaridhisha. Naomba nijue, kwa ajili ya utaratibu."

"Zote, Mwalimu," alisema Bartholomayo.

"Hapana," alisema Suzana. "Kwangu mimi ni ule wa ng'ombe na huu wa kukopa, zikikaa pamoja." Akafikiri. "Au ule wa kulala. Sijui kwa kweli."

Ildefonsa alimtazama, akingoja sentensi iendelee. Haikuendelea.

"Jalada hili dogo litabaki hapa shuleni," Bartholomayo alisema, akimsogezea ule ukurasa wa Machi na kalamu nyekundu. "Lakini haliwezi kubaki na jibu sahihi lililokatwa. Tafadhali, Mwalimu. Sahihisha."

Aliichukua kalamu. Alama ya vema aliichora bila shida, juu ya mafuta, na wino ukasambaa kidogo pembeni. Kisha, kama alivyofanya kwa miaka yote ya kazi yake, akashusha kalamu kuandika tarehe ya usahihishaji, na kalamu ikasimama. Mtoto alikuwa amepata mwezi Machi. Yeye ndiye aliyepata leo. Hakuna aliyewahi kumfundisha, chuoni wala kazini, tarehe ya jambo kama hilo huwa ni ipi.

"Mwalimu?" alisema Bartholomayo.

"Nipe dakika," alisema Ildefonsa, na huko nje akamsikia Kezia akimwuliza mtu dawati namba arobaini na tatu liko upande gani.